Ukiibadili Picha ya Mwenzako, Saini Yake Unaiweka Wapi?



Leo naomba tuongee jambo ambalo wengine wataliona dogo: hizi picha za kuchorwa tunazotumiana kwenye magrupu. Sisemi picha za kupigwa kwa simu siku ya kipaimara, ambazo kila mtu anajua aliyesimama katikati ni mtoto wa nani. Nasema zile ambazo mtu alikaa akazichora. Bikira Maria mwenye kitenge. Mtakatifu Kizito kavaa mgolole kama mzee wa Kihehe. Yesu na wanafunzi wake wakipita barabara ya vumbi, nyuma yao mlima Loleza umefunikwa na ukungu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wachoraji wa namna hiyo wapo, Mbeya na Iringa, na wengi ni wa umri wetu: wanachuo, wanakwaya, vijana waliowahi kutumikia altareni. Wengi hawana kompyuta wala kalamu maalumu ya kuchorea. Wanachora kwa kidole juu ya kioo cha simu, usiku, hata bando likiwa limeisha, maana kuchora hakuli bando. Uso mmoja unaweza kuchukua wiki nzima.

Halafu picha inaingia kwenye grupu. Tuchukue mfano, wa kutunga, ila sidhani kama utakuwa mgeni kwako. Jumatatu kijana wa Kihesa, Iringa, anaweka Kizito wake. Watu wanaandika amina, wanaandika hongera, wanaweka mikono ya sala. Alhamisi picha ileile inarudi kutoka grupu la kwaya moja ya Mbeya. Uso umepaushwa. Mgolole umegeuzwa kanzu nyeupe. Juu pamewekwa tangazo la uzinduzi wa albamu pamoja na namba ya kutuma michango, na pale chini kulia palipokuwa na jina la mchoraji pamepakwa kijani cha nyasi. Nani kafanya? Hakuna anayejua. Kila mmoja kaikuta tu.

Mchoraji akilalamika anaambiwa ana kiburi. Si kazi ya Mungu hii, sasa unataka nini? Akinyamaza, anabaki nalo moyoni. Wapo walioamua kuacha kabisa kutuma kazi zao, wanazibakiza kwenye simu au wanamwonyesha mama tu. Hapo ndipo jambo linaponiuma mimi. Tunasema kila siku kwamba tunataka picha takatifu zenye sura zetu, kisha wale wachache wanaokesha kuzichora tunawafukuza sisi wenyewe, tena kwa jina la ibada.

Tuanze na swali moja tu. Ukishaibadili picha ya mwenzako, saini yake uiache au uifute?

Usicheke. Najua miaka mitatu ya falsafa humfanya mtu aone mitego mahali ambapo wenzake wanaona njia nyeupe, lakini hapa mtego upo kweli.

Ukiiacha saini, unamsemesha mwenzako maneno ambayo hakuyasema. Picha ni kauli. Yule kijana alimchora Kizito mweusi, mwenye mgolole, kwa sababu kuna kitu alitaka kukisema: kwamba utakatifu unaweza kufanana na mtoto wa kaka yako. Wewe umempausha, umemvika kanzu, halafu umeliacha jina lake pale chini kama shahidi. Sasa jina lake linathibitisha jambo ambalo yeye analipinga. Mbaya zaidi ni pale picha inapogeuzwa kuwa kejeli, labda ya kuwacheka ndugu zetu Walokole au ya kumsema kiongozi fulani. Matusi yote yanamwendea mwenye jina. Hiyo ni amri ya nane, na hatuhitaji kuzunguka.

Ukiifuta, umemnyang'anya. Tena huwezi kujitetea kwamba hukujua ni ya mtu, kwa sababu usingejua usingefuta! Aliyepaka kijani juu ya jina aliliona jina. Mtakatifu Thomaso wa Akwino, anapoeleza wizi ni nini, anautambua kwa kule kuchukua cha mtu kwa siri, na sijui siri gani inazidi ya kupaka rangi juu ya jina la mwenyewe.

Utasema, basi nitaandika majina mawili: imechorwa na fulani, imebadilishwa na mimi. Hapo umesogea, nakupongeza, na laiti wote tungefikia hapo. Lakini bado. Jina langu ukiliweka kwenye kitu ambacho nisingekikubali, kuongeza jina lako pembeni hakujaniondoa mimi. Kwa hiyo unaiacha, kosa, unaifuta, kosa, unaichanganya na ya kwako, nusu kosa. Ukweli ni kwamba saini ile haina mahali halali pa kukaa mpaka umeongea na mwenyewe. Kuomba ruhusa si urembo tunaouongeza juu ya haki ili tuonekane wastaarabu. Ni njia pekee ya kutoka humo ndani.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili, na siyo ya wavivu. Picha ya mtakatifu ni ya Kanisa zima. Wachoraji wa ikoni wa zamani, hasa wa Kanisa la Mashariki, wengi hawakuweka saini kabisa. Walifunga, walisali, wakachora, wakaondoka. Mbona hawa wa simu wanang'ang'ania majina? Wajifunze unyenyekevu!

Hoja hii imewahi kunishika kwa muda, kisha nikaona mambo mawili. Kwanza, mchoraji wa ikoni anayenakili ikoni ya mwenzake habadilishi anavyojisikia. Ana kanuni alizorithi, na kazi yake ni kuzitii. Huwezi kuchukua kutokuwa na jina kwa wale watu na kuacha utii wao, kama mtu anayechukua sikukuu na kuacha Kwaresima. Pili, na hili ndilo kubwa, mchoraji wa ikoni alilificha jina lake yeye mwenyewe. Unyenyekevu ni kitu ambacho mtu anajivika. Ukimvika mwenzako kwa nguvu hauwi unyenyekevu tena, unakuwa ni kumdhalilisha. Mimi naweza kukaa kiti cha nyuma kwenye harusi. Wewe huwezi kunitoa kiti cha mbele ukakaa wewe, kisha ukanihubiria Injili ya viti vya nyuma.

Kuna hoja ya pili ambayo husemwa kwa sauti ya chini: nimeiboresha. Ilikuwa na kasoro, nikaisafisha, imependeza zaidi. Hapa nataka twende Ufaransa kidogo, kwa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, maana habari ya picha zake ni ya kweli na inafundisha kuliko mfano wangu wa kutunga.

Teresia alikuwa na dada aliyeitwa Céline. Céline alipoingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux mwaka 1894 aliingia na kamera yake. Ni kwa sababu yake tuna picha nyingi za mtakatifu aliyekufa mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, ndani ya monasteri ya kufungwa. Jambo la ajabu kwa wakati ule. Lakini kamera za enzi hizo zilitaka mtu asitikisike kwa sekunde kadhaa, na uso ukikazwa hivyo haubaki ule anaoujua ndugu yako. Céline, ambaye pia alikuwa mchoraji, aliona picha hazimwonyeshi dada yake jinsi alivyokuwa. Basi akazirekebisha kwa mkono: akalainisha, akatamisha macho, akachora na sura nyingine kwa kuzichanganya. Hizo ndizo zilizoenea duniani. Céline alifariki mwaka 1959, na mwaka 1961 picha zenyewe, zisizoguswa, zikachapishwa. Watu wakamwona kwa mara ya kwanza msichana mwenye kidevu imara na macho ya mtu anayepigana vita. Wengi wakampenda zaidi.

Simlaumu Céline. Alikuwa na haki kuliko mtu yeyote: picha ni za kwake, dada ni wa kwake, nia ilikuwa upendo. Na bado, pamoja na haki zote hizo, uso uliolainishwa ulitunyima kitu kwa zaidi ya miaka 60. Sasa mimi na wewe, ambao picha si zetu, mtakatifu hatujawahi kumwona, na nia yetu ni tangazo lipendeze kabla ya Jumapili, tunapata wapi ujasiri wa kugusa uso?

Naomba nikae hapa kwenye uso kidogo, kwa sababu nikiangalia mabadiliko yanayofanywa kwenye magrupu yetu, mengi yanaishia usoni. Watu hawabadilishi miti. Wanapausha ngozi, wanachonga pua, wanaongeza mwanga mpaka mtu anafanana na mwangaza wa taa. Kizito alikuwa kijana mdogo wa Buganda, mdogo kuliko mashahidi wenzake, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu yeye na wenzake mwaka 1964, hakutangaza Mzungu aliyeungua na jua. Ukimpausha, mchoraji umemkosea, ndiyo, lakini umemkosea na Kizito, na umemdanganya yule mtoto wa Komunyo ya kwanza kule Tukuyu anayeitazama picha kwenye simu ya mama yake. Anajifunza bila kuambiwa kwamba kwenda mbinguni kunaanza na kubadilika rangi. Mimi hilo siwezi kuliita uboreshaji hata kidogo.

Mabadiliko mengine ni mepesi, na sitaki tuwe watu wa kupima mchwa kwa mizani. Kuikata picha kidogo ili iingie kwenye stetasi, jina likiwa bado linaonekana, sioni shida. Kuipunguza uzito ili isile bando la watu, ni huruma hiyo. Kufuta maandishi ya mwenzako uweke ya kwaya yako, hapo tayari tumeshaingia uani kwa mtu.

Sasa je, ina maana picha takatifu ikishachorwa haiguswi milele? Hapana. Picha unayoisali saa tisa alasiri, ile ya Huruma ya Mungu, imebadilishwa. Kuna iliyotangulia, aliyoichora Eugeniusz Kazimirowski huko Vilnius mwaka 1934. Sista Faustina mwenyewe alikuwa anakwenda kwenye chumba cha mchoraji kumweleza alichokiona, na tunajua kutoka kwenye shajara yake kwamba aliumia sana kwa jinsi ilivyotoka, kwa sababu haikufikia uzuri wa Yule aliyemwona. Kama kuna mtu aliyewahi kuwa na sababu ya kumpokonya mchoraji brashi, ni yeye. Hakumpokonya.

Ile nyingine, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi kwenye simu na kwenye kalenda, aliichora Adolf Hyła mjini Kraków wakati wa Vita Kuu ya Pili, na yake iliyowekwa kwenye kikanisa cha masista wa Łagiewniki mwaka 1944 ilikuwa na uwanda wa majani na vilima nyuma ya Yesu. Padre Sopoćko, aliyekuwa muungamishi wa Faustina, hakuridhika na mandhari ile. Mwaka 1954 majani yakafunikwa: nyuma kukawekwa giza, na chini ya miguu sakafu. Nani aliyafunika? Hyła mwenyewe. Walirudi kwa mchoraji. Ilikuwa picha ya ibada, walikuwa na sababu ya ibada, Hyła alikuwa hai, na brashi ikabaki mkononi mwake. Yule kijana wa Kihesa naye yu hai, na namba yake iko kwenye grupu.

Hapa wengine wataniuliza: Frateri, unaongelea dhambi au unaongelea tabia njema tu? Maana hii yote inaitwa adabu, na adabu haimpeleki mtu motoni. Swali zuri. Thomaso wa Akwino analo jibu ambalo nilipolisoma lilinikalisha chini. Katika Summa yake, Sehemu ya Pili ya Pili, swali la 80, anatofautisha madeni ya aina mbili. Kuna deni ambalo sheria inaweza kukudai: umekopa, lipa. Na kuna deni la uadilifu, ambalo hakuna hakimu wa kukudai, lakini bila kulilipa watu hawawezi kuishi pamoja kwa heshima. Ukweli tunaoambiana umo humo. Shukrani imo humo. Na mbele kidogo, swali la 114, anaweka hata ule wema wa kawaida wa kuongea na kutendeana vizuri, akisema nao ni sehemu iliyounganika na haki. Angalia alivyopanga: adabu haiko kwenye kabati la mapambo, iko chumba kimoja na haki. Kumsalimia mtu ni kumlipa kitu anachokudai. Wazee wa Iringa wanalijua hili bila Summa. Pita mbele ya mzee bila kusema kamwene uone kama utaambiwa umesahau pambo.

Na kwa upande wa sheria, wala tusijidanganye kwamba haipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mchoro unalindwa, na mchoraji hahitaji kwanza kwenda COSOTA kujisajili ndipo uwe wake. Sheria hiyo inampa haki ya kutajwa kama mwenye kazi, na haki ya kukataa kazi yake isiharibiwe au kubadilishwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Haki zake za kiuchumi zinaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo imegusa haki za ubunifu. Lakini sijaja hapa na polisi. Mkristo anayengoja polisi ndipo ajue lililo lake na lisilo lake amechelewa.

Kuna tofauti moja lazima tuiweke sawa, vinginevyo tutawaonea watu. Kuchora upya siyo kubadili. Mnamkumbuka Luce? Tarehe 28 Oktoba 2024 Vatikani ilimtambulisha kama kikatuni cha Jubilei ya 2025: msichana mwenye koti la mvua la njano, buti zenye tope, fimbo ya mhujaji na rozari shingoni. Alibuniwa na msanii Mwitaliano, Simone Legno. Ndani ya siku chache vijana wa kila bara walikuwa wanamchora wa kwao. Wengi walimchora kwa upendo, na hilo ni jambo la furaha. Anayekaa akamchora Luce akishuka basi pale Mafinga na tope la huku kwenye buti ametumia mkono wake, na ukiiona picha unajua ni nani aliyefanya nini. Wapo pia waliomfanya wa aibu, na hao tunawajua bila kufundishwa. Lakini hata kwa hawa wa upendo, ule mchoro wako wa Luce ukishauchora ni kazi yako, na anayekuja kuuchukua huo kuubadilisha amekukuta wewe mlangoni, siyo Vatikani.

Sisi Watanzania tunapaswa kulielewa hili upesi, maana tuna Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki 1972, miaka minne tu, na ndugu na wanafunzi wake wakaendelea na mtindo wake mpaka leo. Ndege wale, chui wale, wanarudiwa na kila mchoraji, na hakuna anayeita hilo wizi. Ni shule. Lakini kila mmoja anachora ndege wake kwa brashi yake na kuandika jina lake. Kazi za kughushi zilizoandikwa jina la mwalimu zipo, na hizo kila mtu anaziita jina lake. Hata mahali ambapo kuiga kumeruhusiwa kwa mikono miwili, saini imebaki kuwa mpaka.

Na ukimpa mashine je? Siku hizi mtu anachukua mchoro wa mwenzake, anauingiza kwenye programu ya akili mnemba, anaandika iboreshe, na inatoka picha nyororo isiyo na mwenyewe. Wakati mwingine saini inatoka imegeuka kama minyoo pale pembeni. Kidole kilichobonyeza ni chako. Sioni kama kuna la kuongeza.

Basi tufanyeje? Kwetu mtu hupiga hodi. Unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, na usipoitikiwa unaondoka. Hakuna anayepiga hodi tatu kisha akaingia jikoni kwa kuwa wenyewe hawakujibu. Na kwenye picha ni vivyo hivyo: kimya siyo karibu. Mtafute mchoraji pembeni, siyo mbele ya watu 200 wa grupu, maana ukimwomba mbele ya kwaya nzima hawezi kukataa, na ruhusa asiyeweza kuikataa siyo ruhusa. Msalimie kama mtu. Shikamoo dada, samahani kwa usumbufu, mimi ni katibu wa kwaya fulani. Kisha mwambie hasa unachotaka kufanya: nitaongeza maandishi juu, uso sitaugusa, jina lako litabaki, ni kwa ajili ya fulana 60 za kuuza. Hilo la kuuza usilimeze. Wengi husema ni kwa ajili ya kwaya na kuishia hapo, mchoraji akafikiri ni stetasi, akaja kuiona fulana yenyewe stendi imevaliwa na mtu asiyemjua.

Akikataa, amekataa. Hatuna haki ya kumwuliza mara tano. Kama kweli umekwama na Jumapili inakuja, kanisa lenu lina mnara, nenda kapige picha yako.

Nisiwapendelee wachoraji, nao wana la kuambiwa. Ndugu mchoraji, yule Yesu wako uso wake umeutoa wapi? Nimeona picha nyingi za huku zinazolalamikiwa kwamba zimeibwa, na ukiangalia vizuri uso ni wa yule mwigizaji wa filamu ya 2004 ya Mateso, umepakwa rangi juu. Na wewe kuna mahali hukupiga hodi. Halafu kuna wanaoweka jina kubwa likipita katikati ya kifua cha Bikira Maria ili lisikatwe. Naelewa hofu inayowasukuma, hofu ambayo sisi ndio tumeijenga, lakini bibi anayetaka kusali mbele ya picha ile anasali na jina lako la mtandaoni. Kama umeamua kwamba picha fulani ni zawadi, itumiwe na yeyote na ibadilishwe na yeyote, sema hivyo waziwazi pale unapoiweka. Watu wengi hawana ubaya, hawajui tu mlango ni upi.

Maadmini nao wasijifiche. Grupu likipokea picha iliyofutwa jina na wote tukaweka amina, sote tumetia saini.

Limebaki suala la yaliyokwisha fanyika, na hapa Wakatoliki tuna mazoea mazuri: tunajua kwamba kuungama wizi bila kurudisha hakujamalizika. Ulichokichukua hapa ni jina, kwa hiyo kinachorudishwa ni jina, na kinarudishwa palepale kilipochukuliwa. Uliweka kwenye grupu la watu 200, andika kwenye grupu hilohilo: picha ile ilichorwa na fulani wa Iringa, tuliibadilisha bila kumwuliza, hii hapa ya kwake kama alivyoichora. Mistari miwili inatosha. Ujumbe wa pembeni wa samahani kaka ni mzuri, lakini haujawafikia wale 200.

Fulana ni ngumu zaidi, kwa sababu haziwezi kufutwa. Zimeshachapwa, zimeshauzwa, nyingine ziko Uyole, nyingine ziko Makambako. Ningekuwa katibu wa kwaya hiyo ningepeleka jambo kwenye kikao, nione tulimlipa aliyechapa kiasi gani, aliyepeleka fulana kwa bodaboda kiasi gani, na aliyechora kiasi gani. Kisha ningempigia simu yule kijana wa Kihesa kabla kikao hakijafungwa, nimwulize albamu ya pili angependa kuichorea nini, na bei yake ni ipi.